Kwenu walimu wa kompyuta: vitufe vitapita

Wanangu walimu,

Salamu nyingi. Mimi chaki nimeshaiweka chini, mkaguzi hanijui tena, kwa hiyo nitasema bila kumung'unya maneno.

Nianze na kosa langu. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipewa somo la kompyuta kwa sababu moja tu: nilikuwa mwalimu wa hesabu. Nikafundisha amri za DOS, mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta kwa kuchapa maneno. Wanafunzi walizikariri kama jedwali la kuzidisha, hii ya kunakili faili, hii ya kufuta, hii ya kuorodhesha. Mtihani walifaulu, nami nikavimba kichwa. Mwaka 1995 ikatoka Windows mpya, watu wakahamia kwenye kubofya picha kwa kipanya. Baadaye nilimkuta mmoja wa vijana wangu mbele ya skrini, mikono mapajani, akisubiri mtu amwambie abonyeze wapi. Na huyo alikuwa wa kwanza darasani! Nilimpa amri zote, lakini faili ni kitu gani na inakaa wapi, hilo sikumfundisha hata siku moja.

Naona mnarudia yaleyale, tofauti ni kwamba sasa vitufe vina rangi. Msidanganywe na wepesi wa vidole vya watoto hawa. Yupo anayekata na kuunganisha video kwenye simu vizuri kuliko nyinyi nyote, lakini muulize ile video imehifadhiwa kwenye simu yake au kwenye kompyuta ya kampuni fulani ng'ambo, atakutazama tu. Muulize nani mwingine anaweza kuiona. Hapo ndipo somo lilipo.

Mengi ya haya hayadai hata umeme. Chukueni orodha ya majina iliyopangwa kwa alfabeti. Mtoto mmoja achague jina kimyakimya, mwingine alitafute kwa kufungua katikati na kuuliza: liko kabla au baada? Nusu inatupwa, anafungua tena katikati ya nusu iliyobaki. Kwa majina 1,000, maswali 10 yanatosha. Kwa majina milioni moja, 20. Waacheni washangae kidogo, kisha vurugeni ile orodha na muwaambie watafute tena. Mtoto atakayegundua mwenyewe kwa nini kompyuta hupenda vitu vilivyopangwa hatasahau, hata kama programu zote za leo zitakuwa zimezikwa.

Kama mashine zipo, waanzeni na kobe, kile kialama cha kwenye skrini kinachochora mstari kila kinapopita. Anatokana na Logo, lugha ya kuandikia programu iliyobuniwa mwaka 1967, Seymour Papert akiwa mmoja wa waliobuni, na kobe wake bado anapatikana kwa sura mbalimbali. Mtoto anaamuru: mbele hatua 100, geuka kulia nyuzi 90, rudia mara nne. Mraba huo. Sasa mwambieni achore pembetatu yenye pande sawa. Kwa kuwa hesabu zimemfundisha kwamba kila pembe yake ni nyuzi 60, ataandika 60, na kobe atakwenda zake bila kufunga umbo. Hapa, wanangu, fungeni midomo. Najua ulimi utawasha. Msiguse kibodi yake. Mwambieni asimame, atembee pembetatu sakafuni yeye mwenyewe, na kila konani ajiangalie amegeuka kiasi gani. Ataona kwamba anayegeuka hafuati pembe ya ndani, anafuata ya nje, nyuzi 120. Mimi nilikuwa mwepesi mno wa kunyoosha kidole na kusema "kosa liko hapa", nikidhani namsaidia mtoto. Kumbe namnyang'anya. Kutafuta kosa lako mwenyewe bila hasira wala aibu ndiyo kazi yenyewe ya fundi wa programu, kuandika ni sehemu ndogo.

Kwa wakuu wa shule neno langu ni fupi: maboksi hayafundishi. Peru iligawa kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu ya wanafunzi, na utafiti uliotoka mwaka 2012 haukuona maendeleo yoyote ya maana katika alama za hesabu na lugha. Mkipata fedha, anzeni na mwalimu, mpeni na muda wa kujiandaa.

Kuhusu akili mnemba, kuipiga marufuku ni kupoteza pumzi, na kuiachia imfanyie mtoto zoezi kama lile la kobe ni kumpa mkongojo angali na miguu mizima. Njia niipendayo ni kumwambia mwanafunzi aiulize jambo analolijua kwa undani, labda mchezo anaoucheza kila siku, kisha asahihishe majibu kwa kalamu nyekundu. Atakuta uongo ulioandikwa kwa ufasaha. Ndipo mweleze kwamba mashine ile hukisia maneno yafuatayo kutokana na maandishi mengi iliyolishwa, na kwamba kusema vizuri na kusema kweli ni vitu viwili.

La mwisho. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Stoo ya shule haikosi kompyuta iliyokufa. Ichomoeni kwenye umeme, muwape watoto bisibisi, waifungue, wachore kila walichokiona ndani na kukisia kazi yake kabla hamjawaambia majina. Ila kisanduku cha kupokea umeme kisifunguliwe, wala zile skrini za kichogo, maana hubaki na umeme hata baada ya kuchomolewa. Mkikosa bisibisi, semeni. Ninazo tatu, zinaota kutu tu.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu