Risala ya Wavuvi wa Ndoano wa Kirumi kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, meza kuu, viongozi wa kijiji na wageni waalikwa,

Karibu Kirumi, hapa Mto Mara unapokaribia Ziwa Victoria. Kikundi chetu cha wavuvi wa burudani kilianza na watu saba. Leo tuna wanachama 23, mtumbwi mmoja na ubao wa kupimia samaki ambao, kwa unyenyekevu, tunauita maabara. Mafanikio mengine yamo kwenye kabrasha lako.

Ndugu Mgeni Rasmi, kilio chetu ni samaki aitwaye ningu. Mvua zikianza hutoka ziwani na kupanda mto kutaga kwenye nyasi zilizofurika. Nyavu za midomoni mwa mito zilianza kumfyeka miaka ya 1950, kwa kumkamata jike akiwa na mayai. Leo nasi wa burudani tumo. Ningu hukwangua mwani na tope, mnyoo wa chambo haumbabaishi. Basi mwenye haraka huburuta ndoano ya pembe tatu mpaka imchome ubavuni. Akishakamuliwa mayai mkononi, hata ukimrudisha majini hana cha kutaga.

Hapa kwetu anayevua sangara kwa burudani huulizwa leseni. Wa ningu, kuyu, gogogo au domodomo hupita akisalimiwa, na daftari la mwalo, pale samaki wanaposhushwa, humwandika samaki wake “wengineo”. Ukituuliza ningu wamepungua kwa kiasi gani, daftari halijui.

Tunaomba leseni ya burudani iwataje samaki hawa kwa majina, iwe ya siku na ya mwaka, kwa bei anayoimudu kijana wa hapa. Iruhusu ndoano moja tu, kijino chake cha kuzuia samaki asichomoke kikiwa kimebanwa kwa koleo, na ningu asiguswe wakati anapanda. Nyuma ya leseni liwepo jedwali: tarehe, mahali, aina, urefu, amerudishwa au ameliwa. Urefu upimwe toka pua hadi panda ya mkia, kwani ncha za mkia huchakaa. Asiyerudisha jedwali asipewe leseni nyingine. Kwa ofisi, hii ni mistari michache kwenye fomu.

Ndugu Mgeni Rasmi, waheshimiwa wawili waliokutangulia walilipokea ombi hili kwa makofi. Mmoja alituomba wiki mbili. Masika ya tatu yamepita, na bado tunamheshimu. Kwako tumeandaa nakala mbili: moja ya kwako, nyingine tunaomba uisaini, uandike na tarehe ya majibu, kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.