Kura ya mweka hazina: kiungo kipya

Habari za asubuhi, ndugu zangu wa stendi. Jana usiku kura 11 ziliingia ndani ya dakika mbili, zote za mgombea mmoja. Saa saba usiku! Kundi zima tuko 34, na wengi wenu mnalala saa tatu. Nimeifunga kura ile ya mtandaoni, kiungo kipya kiko hapo chini.

Huduma hii hatuilipii hata shilingi, ila ina masharti yake. Mtu mmoja kura moja. Ukifuta historia ya mtandao kwenye simu ili upige kura tena, au ukitumia programu inayojipigia kura bila mtu, wenye huduma wanaweza kutufungia kura yote. Kiungo kisipelekwe kwa shemeji wala kundi la msikitini, si wanachama.

Mkiwa mnatumia waifai moja pale kwa mama chai Kisenyi, wa pili anaweza kuambiwa ameshapiga. Asinipigie simu kwa hasira. Azime waifai, atumie bando lake.

Wazee wasio na simu janja waazime ya mtoto nyumbani, kura wabonyeze wenyewe. Mwisho Jumapili saa mbili usiku.