Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam: mji unaotaka kuutangaza umeshavuka mpaka

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: KUITANGAZA DAR ES SALAAM KWA WAFANYABIASHARA NA WAKAZI WAPYA

Nakusalimu kutoka Keko, Temeke, mahali ambapo ukishuka tu kwenye daladala unapokelewa na vumbi la msasa na harufu ya vanishi. Mimi ni fundi seremala. Nilikuja mjini mwaka 1997 nikitokea Mafinga, nimekaa juu ya lori la mbao, na tangu hapo natengeneza vitanda, makabati na shelfu za madukani. Nakuandikia kwa sababu nimesikia mara nyingi viongozi wakisema Dar es Salaam lazima ijitangaze, ivute wawekezaji na makampuni, ivute na watu wenye ujuzi waje wakae. Nakubaliana na jambo hilo kwa moyo wote, maana mji huu umenilea na umenisomeshea watoto. Ila kuna kitu nakiona kutoka karakana yangu ambacho huenda hakionekani vizuri kutoka ofisini, na nimeona nikuandikie hadharani ili na wenzangu wachangie.

Fundi wa vitanda anawajua wahamiaji. Mtu akihamia mjini anaweza kukaa mwaka mzima bila sofa wala televisheni, lakini kitanda atakitafuta wiki ileile ya kwanza. Kwa hiyo wengi wanapita kwangu kabla hawajapita ofisi yoyote ya serikali. Wananieleza wametoka wapi, wamepata kazi gani, wanaanza biashara gani, kisha lazima wanielekeze wanapokaa, kwa sababu kirikuu, kigari chetu cha mizigo, kinapaswa kufika mlangoni. Nayatunza madaftari ya kupelekea mizigo tangu miaka ya mwanzo, na ukiyafungua unauona mji ukitembea. Daftari za zamani zimejaa Magomeni, Buguruni, Sinza na Temeke. Baadaye inakuja Kimara, Tabata, Mbagala. Halafu Goba, Kivule, Chamazi, Bunju. Miaka hii ya karibuni tunapakia kwenda Vikindu, Kisemvule, Mapinga, Visiga. Na hayo majina manne ya mwisho, Mheshimiwa, hayamo katika mkoa wako. Yako mkoa wa Pwani.

Sensa nayo inasema hivyohivyo. Mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 4,364,541, na mwaka 2022 wakawa 5,383,728. Ni ongezeko la watu milioni moja na ushei, si dogo. Lakini mtazame jirani: Pwani ilikuwa na watu 1,098,668 na miaka kumi baadaye ikawa na 2,024,947. Imekaribia kujizidisha mara mbili. Najua ndani ya hesabu hiyo wamo watu wa Rufiji na Mafia, ambao mambo yao hayahusiani na foleni ya Mbagala. Hata hivyo wale ninaowapelekea vitanda sijasikia hata mmoja akisema amehamia Pwani. Wanasema wamehamia Dar. Walikuja mjini, wakatafuta kiwanja, wakakuta kile wanachokimudu kiko ng'ambo ya mpaka. Asubuhi wako barabarani kuja Kariakoo, Posta na Gerezani kama wenzao wote. Pale Kiluvya barabara ni moja na watu ni walewale, mikoa ndiyo miwili.

Sasa maelezo ya kuutangaza mji yanapoandikwa, yanasimama kwenye mstari wa mpaka. Yanataja Jiji, yaani Ilala, na manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, basi. Mwenye kiwanda anayesoma maelezo hayo hapati mji anaokuja kufanyia kazi. Eneo la kiwanda atalipata Kibaha au Mkuranga. Mameneja wake watakaa Mbezi Beach, vijana wake wa mashine watatoka Kibamba na Mlandizi. Makontena yake yatashukia bandarini kwako, na mengine yataelekea bandari kavu ya Kwala, ambayo nayo iko Pwani. Maji atakayokunywa yanatoka Mto Ruvu, yanasafishwa Ruvu Juu na Ruvu Chini, huko huko kwa jirani, na mabomba hayajawahi kuuliza mpaka uko wapi. Barabara ya Morogoro imepanuliwa kuwa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, na haikuishia Kiluvya eti kwa sababu mkoa umeisha. Waliochora barabara na waliotandika mabomba waliuona mji kama ulivyo. Naomba na wanaoutangaza wauone hivyo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni kwamba ukae na mwenzako wa Pwani, muwe na dawati moja la mgeni. Mtu anayeleta biashara asizungushwe kati ya Ilala na Kibaha akiulizwa yeye ni wa nani. Apewe jibu moja kuhusu eneo, umeme, maji na barabara, kisha mikoa igawane kazi yenyewe kwa yenyewe nyuma ya dawati.

Hilo ni jepesi kuliko la pili, na la pili ndilo linaloniuma.

Desemba 2011 nilikuwa nimepanga stoo ya mbao upande wa Magomeni, karibu na bonde la Msimbazi. Nilikuwa na kazi kubwa ya shelfu za maduka, kwa hiyo nilijaza mninga na mkongo, mtaji wangu wote na advansi ya wateja ikiwa mle ndani. Wakati wa kupanga nilimwuliza dalali kama maji yanafika. Aliapa kuwa hayajawahi. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni, akaitikia. Mvua zile zilizoanza kuelekea Krismasi nadhani kila mkazi wa Dar wa umri wangu anazikumbuka. Nilipofika asubuhi sikuona stoo, niliona maji ya rangi ya chai ya maziwa yakienda baharini na vitu vya watu juu yake. Mbao chache tuliziokota kwenye tope siku nne baadaye, zimepinda, hazifai hata kwa kochi la kibarazani. Wapo waliopoteza watu wao siku zile, mimi nilipoteza mbao tu, na sijawahi kuacha kushukuru. Wengi wa majirani zangu walipelekwa Mabwepande wakaanze upya.

Lakini kuna mama mmoja, muuza vitumbua wa pale pale, ambaye maneno yake hayajanitoka mpaka leo. Alinitazama nikiwa nimesimama na buti zangu, akaniambia, "Mwanangu, hapo hapawekwi kitu. Ungeniuliza." Kila mwenyeji alijua. Aliyekuwa hajui ni mimi, na nilikuwa nimeshaishi mji huu miaka kumi na minne. Mgeni wa wiki mbili atamwuliza nani?

Ninajua kazi inafanyika. Mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, umeshawaondoa watu wengi bondeni, na Mungu akijalia tutaiona Jangwani ikipitika masika nzima. Nauombea ufanikiwe. Ila Msimbazi si bonde pekee. Kuna mitaa Mbezi, Msasani na Tandale ambako kirikuu chetu hakiendi mwezi wa nne, na dereva wangu anaijua yote kwa majina. Kila masika anaongeza mtaa mmoja au miwili kwenye orodha yake, kwa sababu watu wamejenga juu ya njia ya maji na maji yametafuta njia nyingine. Elimu hiyo ipo kwa madereva, kwa wajumbe wa mashina, kwa wauza vitumbua. Haipo mahali popote ambapo mtu wa Mwanza au wa Lusaka anaweza kuisoma kabla hajalipa.

Naomba mkoa uichapishe. Ramani ya kweli, mtaa kwa mtaa: hapa panajaa maji, hapa pako juu, hapa bomba la maji linatoka kila siku, hapa ni kwa mgao, hapa mabasi ya mwendokasi yamefika, hapa utapanda bajaji kwanza ndipo upate daladala. Nafahamu hofu iliyopo. Wengine watakuambia kuwa unapotangaza mji hutaji mabonde yake. Mimi nauza vitanda, Mheshimiwa, na nimejifunza kuwa mteja niliyemwonyesha mwenyewe kifundo kwenye mbao anarudi, na anamleta shemeji yake. Yule aliyekigundua nyumbani kwake harudi. Mfanyabiashara aliyepoteza bidhaa kwa mafuriko ya kwanza haondoki kimya kimya. Anawasimulia wenzake wote huko alikotoka, na hakuna bango la barabarani litakaloifuta simulizi yake.

Kuhusu kodi za nyumba nitasema kifupi, kwa kuwa unalijua. Kijana anayepanga chumba cha shilingi 100,000 kwa mwezi anadaiwa miezi sita, pengine mwaka, na dalali naye anataka wa kwake mmoja. Hata kwa miezi sita hiyo ni laki saba kabla hajanunua godoro. Anayetafuta fremu ya duka Kariakoo anakutana na kilemba, malipo ya kuachiwa fremu, juu ya kodi. Nimeona watu wanafika na mtaji wa milioni mbili, mtaji halali waliouvunia miaka kwenye mpunga au pamba, na wiki ya pili wanakuja kuniomba niwauzie kitanda kwa kudunduliza kwa sababu pesa imeishia kwenye kuta za mtu mwingine. Siwalaumu wenye nyumba wote. Wengi wamejenga chumba baada ya chumba, na hiyo kodi ya mwaka ndiyo inayoezeka chumba kinachofuata. Lakini wapo wanaopokea miezi mitatu, hata mmoja mmoja, na hakuna anayewajua isipokuwa majirani. Ofisi za serikali za mitaa zikibandika majina ya nyumba zao ukutani, kwa hiari yao, mgeni atakuwa na pa kuanzia pasipo dalali. Nadhani hilo halihitaji sheria mpya wala bajeti, linahitaji mkuu wa mkoa kusema.

Mambo ya kujivunia tunayo, tena mengi. Serikali ilipohamia Dodoma, wapo waliosema Dar itapoa. Haikupoa. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR, reli mpya ya umeme, inampeleka mtu Dodoma kwa saa nne hivi, na mteja wangu mmoja anakwenda wizarani asubuhi na usiku analala kwake Ukonga. Nikifunga shelfu Kariakoo nafunga usiku, maduka yakishafungwa, na asubuhi nikichelewa kutoka nawakuta wanunuzi wa Lubumbashi na Ndola wameshasimama mlangoni wakisubiri. Wao hawakuvutwa na tangazo. Waliletwa na mwenzao aliyenunua, akafikishiwa mzigo wake salama, akarudi kununua tena. Wafanyabiashara hao wanaujua mji huu kuliko maofisa wengi, na sijawahi kusikia wakiitwa mahali kuulizwa ni kitu gani kinawarudisha na ni kitu gani kinakaribia kuwafukuza. Waiteni. Maonyesho ya biashara ya Sabasaba yanafanyika kila Julai hapa hapa Temeke, dakika chache kutoka kwenye karakana zetu. Kuwe na banda la mkoa wako na la Pwani, moja, lisilo na picha za maghorofa tu, lenye ile ramani na mtu wa kujibu maswali.

Na ukipata nafasi, karibu Keko. Usije na msafara mrefu, barabara yetu ya ndani ni nyembamba na makochi yamepangwa mpaka ukingoni. Nitakuonyesha madaftari.

Juzi alikuja nesi kijana kutoka Tabora, amepata kazi hospitalini, anatafuta kitanda cha futi tano kwa sita. Tulipokubaliana bei nikamwuliza kinakwenda wapi, akataja mtaa ambao dereva wangu haendi masika. Alikuwa bado hajalipa kodi, alikuwa amepewa siku mbili na dalali. Tuliketi kwenye benchi, nikageuza karatasi ya risiti, nikamchorea: mto unapita hapa, daraja liko pale, nyumba za upande huu maji yanaingia, ukipanda kuelekea msikitini ni pakavu na kituo cha daladala ni hatua mia moja. Akaikunja karatasi akaiweka kwenye pochi. Jana alinipigia simu akasema amepata chumba upande wa msikiti, kitanda kipelekwe Jumamosi.

Ramani hiyo, Mheshimiwa, ndiyo ninayoomba ofisi yako iichore.

Wako mtiifu,

Fundi seremala,
Keko, Temeke.