Barua kwa mwenyekiti mpya wa kamati ya ajira

Rafiki yangu,

Salamu nyingi, na hongera pia, ingawa najua fika kwamba cheo hiki hukukiomba. Uenyekiti wa kamati ya kutafuta maprofesa ni mzigo ambao wenzako hukutwisha huku wakitabasamu, kisha huwaoni tena hadi siku ya kulalamika. Umeniuliza mengi. Nitajibu yale ninayoyaona mazito, mengine mtamalizana wewe na watu wa utumishi.

Chuo chenu hakina wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wengi hulichukulia hilo kuwa nafuu: hakuna kumbi za watu mia tano, hakuna marundo ya mitihani ya kusahihisha. Kwa anayeajiri, hiyo si nafuu hata kidogo. Kwenye chuo cha kawaida, mhadhiri asiyejua kulea watafiti bado ana pa kufaa. Atafundisha vizuri mwaka wa kwanza, au atashika uongozi wa idara na mambo yaende. Kwenu hana pa kujificha. Kazi yake yote ni utafiti wake na vijana wachache wa uzamivu waliomkabidhi miaka ya ujana wao. Ndiyo maana nakuomba kila mnapokaa kikao uwarudishe wenzako kwenye swali hili: wanafunzi wa mtu huyu waliishia wapi?

Wasifu haulijibu. Wasifu huorodhesha machapisho na ruzuku, na ukibahatika utakuta majina ya waliohitimu. Walioacha njiani hawaandikwi. Dawa yake ni simu. Mwambie mwombaji mapema, kwa maandishi, kwamba mtahitaji orodha ya wote aliowasimamia, waliomaliza na wasiomaliza, na kwamba mtazungumza na baadhi yao. Halafu piga kweli. Usiulize kama profesa ni mtu mwema, maana nani atakwambia hapana? Uliza rasimu ya sura ya tasnifu ilikuwa ikikaa mezani kwake muda gani kabla ya kurudi. Uliza jina la nani lilitangulia kwenye makala ya kwanza. Uliza jaribio lilipogoma mwaka mzima, nani aliamua kwamba sasa basi, tubadilishe njia. Aliyelelewa vizuri hujibu papo hapo, na mara nyingi hucheka akikumbuka. Yule mwingine hukaa kimya kidogo, kisha husema, “Alikuwa na majukumu mengi.” Ukiisikia kauli hiyo kutoka kwa watu watatu wasiofahamiana, barua za wadhamini unaweza kuziweka kando.

Na hizo barua, ndugu yangu, zisome kwa jicho kavu. Kila mtu hupiga chuku. Zaidi ya chuku kuna upendeleo ambao hata mwenye nao haujui. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa maprofesa wa sayansi maombi yale yale ya kazi ya umeneja wa maabara, nusu yakiwa na jina John na nusu Jennifer. John alionekana kuwa na uwezo zaidi na akapendekezewa mshahara mkubwa zaidi, na maprofesa wanawake walipendelea vile vile kama wanaume. Kwa hiyo vigezo vyenu viandikwe kabla hamjafungua bahasha hata moja, na kila mjumbe aweke alama zake peke yake kabla ya mazungumzo kuanza. Mkianza kwa mazungumzo, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeandika alama za wote.

Jina la chuo alikosoma mtu nalo linatulevya. Mtafiti Aaron Clauset na wenzake walichunguza ajira za wahadhiri Marekani na Kanada na kuchapisha matokeo mwaka 2015: katika sayansi ya kompyuta, biashara na historia, robo tu ya vyuo ndiyo iliyotoa kati ya asilimia 71 na 86 ya walimu wenye nafasi za kuelekea ajira ya kudumu. Najua wapo watakaosema hiyo ndiyo dalili ya ubora. Sehemu fulani, huenda. Lakini nimekaa kwenye vikao vya kutosha kujua kwamba mara nyingi ni uvivu wa kusoma. Tunaona jina tunalolijua tunashusha pumzi, kwa sababu zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Hebu mfikirie Daniel Coit Gilman, rais wa kwanza wa Johns Hopkins, chuo kilichofunguliwa mwaka 1876 huko Baltimore na kilichoufanya utafiti wa wanafunzi waliokwisha kuhitimu kuwa roho yake. Gilman hakukaa ofisini kungoja maombi. Mwaka 1875 alikwenda Ulaya mwenyewe kutafuta watu. Kwa hisabati alimpata James Joseph Sylvester, Mwingereza aliyekwisha kupita miaka 60 na aliyekuwa amestaafishwa kwenye chuo cha kijeshi. Mzee huyo hakuwa rahisi: alidai mshahara wake ulipwe kwa dhahabu. Kwa fizikia alimchukua Henry Rowland, kijana wa miaka ya ishirini na kitu, ambaye kazi yake juu ya sumaku ilikuwa imekataliwa na jarida la kwao Marekani hadi mwanafizikia mashuhuri James Clerk Maxwell alipoisoma na kusaidia ichapishwe Uingereza. Mmoja keshastaafu, mwingine kakataliwa. Kamati zetu za leo zingewachuja wote wawili raundi ya kwanza. Sylvester alikaa pale hadi 1883 na kuanzisha jarida la hisabati la Marekani lililopo hadi leo, na Rowland akawa bingwa wa dunia wa kutengeneza vioo vya mistari vya kuchanganua mwanga.

Umeuliza pia kama mtangaze nafasi kwa fani nyembamba au muache mlango wazi. Mimi niko upande wa mlango wazi, hasa kwa chuo kidogo. Rockefeller University ya New York haina idara, kila maabara ina mkuu wake, na hutafuta watu kwa tangazo pana linalokaribisha fani nyingi za sayansi ya uhai. Taasisi ya Okinawa kule Japani, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2012, nayo haina idara. Faida yake ni kwamba hakuna anayevuta kamba upande wa kwake. Taabu yake ni kwamba utalazimika kumlinganisha mtaalamu wa bahari na mtu wa hesabu za kwanta, na hapo wajumbe hukimbilia kuhesabu machapisho. Usiwaruhusu. Kila mwombaji achague makala zake tatu, mzisome zote tatu.

Sasa usaili. Mhadhara wa slaidi ni wa lazima, lakini haukufundishi mengi. Mtu ameurudia mara nyingi mno. Kipimo ni ubao. Nakumbuka mwombaji mmoja mwenye machapisho ya kutisha. Tulimpa kalamu na ubao mweupe, hakuna slaidi, atueleze miaka mitano ijayo. Mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekaa karibu na mlango akauliza kwa nini mhimili wa wima kwenye mchoro ule hauanzii sifuri. Swali la haki kabisa. Mwombaji akalijibu huku akimtazama mkuu wa taasisi, tena kwa ufupi, kisha akaufuta mchoro. Kesho yake akaja mwanamke asiye na jina kubwa. Kijana yule yule akambana kwa swali jingine, naye akasita, akamnyoshea kalamu: “Njoo uchore unavyoona wewe.” Wakabishana pale ubaoni kwa muda mrefu, wote wawili mikono imejaa wino, sisi wakubwa tukabaki watazamaji. Tulimchukua huyu wa pili, lakini kwa mbinde. Nusu ya kamati haikuona kwamba lolote limetokea.

Kwa hiyo wape wanafunzi saa nzima na kila mwombaji bila profesa yeyote chumbani, na maoni yao yafike kwa maandishi kabla kamati haijaanza kujadili. Yakifika baadaye yatakuwa pambo.

Limebaki la fedha, na hapa usimwonee haya mkuu wako. Chuo Kikuu cha Clark, kule Worcester, Marekani, kilifunguliwa mwaka 1889 kikiwa cha wanafunzi waliokwisha kuhitimu tu. Rais wake G. Stanley Hall alikusanya watu ambao chuo chochote kingewalilia, akiwamo Albert Michelson wa fizikia na Franz Boas wa anthropolojia. Mfadhili akapunguza fedha, ahadi zikawa hazitimii, na walimu wakapoteza imani na rais wao. Mwaka 1892 William Rainey Harper, aliyekuwa akiandaa Chuo Kikuu cha Chicago, akaja na mikataba mkononi. Sehemu kubwa ya walimu ikaondoka, wengi wakamfuata. Michelson alipopata Nobeli mwaka 1907 alikuwa mtu wa Chicago.

Barua ya ajira mtakayoitoa iseme maabara ina ukubwa gani na itakuwa tayari lini, vifaa gani vinanunuliwa na chuo, wanafunzi wangapi wanalipiwa na kwa miaka mingapi, na ruzuku ikikatika nani anawabeba. Kama mwenzi wake naye ni msomi, ulizieni nafasi yake mapema iwapo mwombaji mwenyewe amelitaja. Mkingoja wiki ya mwisho mtampoteza. Na msichelewe kujibu. Mtu mzuri huwa na barua nyingine mezani.

Nitumie rasimu ya tangazo kabla haijatoka, hasa ile aya ya sifa za mwombaji. Namjua mjumbe wenu mmoja, najua atachomeka “uzoefu usiopungua miaka kumi”, na hapo akina Rowland wote watakuwa wameshafungiwa nje. Ukiniletea kufikia Ijumaa nitairudisha Jumatatu.

Wasalimie wote.

Wako,
Swahiba wa siku nyingi