Mkinunua kiwanja pamoja, andikeni mafungu

Mhariri,

Viwanja vingi vya Buhongwa na Kisesa siku hizi hununuliwa kwa kuchangishana, kisha jina moja ndilo huandikwa kwenye hati “kurahisisha mambo”. Hapo ndipo kesi huanzia.

Sheria ya Ardhi ya 1999 ina njia mbili za kumiliki pamoja. Umiliki wa pamoja usio na mafungu: mmoja akifariki, sehemu yake humwangukia aliyebaki, haiingii kwenye mirathi. Huo kwa kawaida ni wa mume na mke. Ndugu, marafiki au wanakikundi humiliki kwa mafungu. Hapo fungu la marehemu huenda kwa warithi wake, kupitia msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kumuuzia mtu wa nje fungu lako kunahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzako.

Kwa hiyo mkataba wa mauziano utaje wanunuzi wote na fungu la kila mmoja, mfano 60 na 40 kwa mia, na maombi ya hati yafuate majina hayohayo. Risiti za michango tunzeni, ingawa mbele ya hakimu hazina nguvu ya jina lililosajiliwa.

Msomaji, Nyamagana, Mwanza