Mpwa wangu, ugomvi usiamuliwe Jumapili

Mpwa wangu,

Kwa kuwa jumuiya imekukabidhi usuluhishi wa ugomvi wa fedha za kikoba, naanza na siku. Didaskalia ya Mitume, mwongozo wa kanisa ulioandikwa Siria katika karne ya 3, unamwagiza askofu asikilize kesi za waumini Jumatatu. Si Jumapili baada ya ibada, kama mlivyozoea. Sababu imetajwa humo humo: asiyeridhika na uamuzi apate nafasi ya kuupinga, na mvutano uishe kabla Jumapili haijafika. Ukiwapatanisha Jumapili kila mtu ana haraka ya kurudi nyumbani. Watapeana mikono, na Jumanne utasikia wamenuniana.

Askofu haketi peke yake. Mapadre na mashemasi wapo. Wagomvi wote wawili wanasimama katikati, na ni marufuku kumsikiliza mmoja mwenzake akiwa hayupo. Kisha, na hapa ndipo palipo na akili, anachunguzwa kwanza mshtaki: mwenendo wake ukoje, ana kinyongo au wivu, ni mtu wa kushtakishtaki wenzake? Ndipo mshtakiwa naye apimwe.

Mkosaji anakemewa, anatengwa, anapangiwa mfungo kwa uzito wa kosa: majuma 2, 3, 5 au 7. Akishatubu, askofu anamwekea mikono huku kusanyiko likimwombea, naye anarudi. Muda una mwisho, angalia hilo. Na watu wanaposimama kusali, shemasi anapaza sauti: kuna aliye na neno na mwenzake?

Usidhani kote kulikwenda shwari. Mwaka 250 watu walilazimishwa, kwa amri ya Kaisari Decius wa Roma, kuitolea miungu sadaka na kupewa hati ya kuthibitisha. Karthago, mji wa Afrika Kaskazini, Wakristo wengi walitii. Wengine walijipatia hati tu bila kutoa sadaka. Walipotaka kurudi kanisani, waliofungwa kwa ajili ya imani wakawa wanawaandikia vyeti vya amani, vingine vikisema tu fulani apokewe pamoja na watu wake. Sipriani, askofu wa Karthago, akang'aka: hao "watu wake" waweza kuwa 20, 30 au zaidi! Akataka kila mtu atajwe kwa jina, awe anayejulikana, na toba yake iwe imeonekana.

Mwaka 251 maaskofu waliamua: wenye hati tu warudishwe baada ya kuchunguzwa mmoja mmoja; waliotoa sadaka wadumu katika toba, wapokewe wakiwa mahututi. Novatian, padre kule Roma, akalikataa hata hilo, akajitenga na wafuasi wake. Baadaye dalili za mateso mapya zilipoonekana, maaskofu wa Afrika wakalegeza: waliodumu katika toba wapokewe sasa hivi, maana huwezi kumpeleka mtu vitani bila silaha.

Sasa hiyo kesi ya fedha za kikoba. Waite wote Jumatatu, pamoja. Kwenye daftari lenu msiandike "familia ya fulani", andikeni majina. Na mkimsimamisha mtu huduma, tarehe ya kumrudisha ipangwe siku hiyohiyo, naye aisikie.

Mjomba wako