Wifi asema nimemvunjia baba mkwe heshima kwa kumwosha kidonda cha mguu

Shangazi, hujambo? Kumekucha na sijapata hata lepe la usingizi. Wewe wayajua maisha ya boma, kwa hivyo sitazunguka. Jumapili wifi yangu alisimama mbele ya wazee na wageni akasema nimemvua baba yake heshima. Eti mke wa mwana gani humshika baba mkwe miguu? Maneno hayo ndiyo yanayonitesa kuliko kazi yenyewe.

Desturi naijua, sikuolewa jana. Baba mkwe simpi mkono, sikai naye karibu, chumbani kwake nilikuwa siingii. Lakini mama mkwe alishatutoka, mume wangu yuko kazini Nakuru, mashemeji hata simu hawapigi, na mjukuu tuliye naye bado yuko darasa la tano. Nesi wa kliniki ya kisukari alipouliza nani atakisafisha kidonda, mzee mwenyewe alinitaja mimi. Isitoshe mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, mmoja wa wale tuliopewa mikoba mwaka wa 2023, yenye kipima sukari na kipima presha. Nikague miguu ya wazee wa kijiji kizima halafu niruke wa bomani mwangu?

Wifi anauliza, kama mzee haumwi, kidonda gani hicho cha kufungwa bandeji kila siku? Kutoumwa ndiko kunakonitia hofu. Sukari ikiwa juu miaka mingi huharibu neva, ikianzia vidoleni na kupanda. Mtu anakanyaga msumari na hana habari. Kipimo chake hata yeye angekifanya: mzee afumbe macho, umguse kwa wepesi kwa ncha ya kidole chako, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia kisha wa kushoto. Usibonyeze, usipapase. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, ganzi imeingia. Baba mkwe hakuhisi vinne.

Kidonda kilianza kama sugu chini ya shina la kidole gumba, mahali uzito wa mwili unapoangukia mtu akitembea. Sugu ikiwa nene hukandamiza nyama iliyo chini yake kwa kila hatua, damu inavilia humo ndani, na siku ngozi ya juu inapopasuka unakuta shimo limeshachimbika. Wifi alipokuja Pasaka akaleta mtu wa sokoni na wembe wake. Nilikataa. Sugu ya mwenye kisukari huchongwa na mhudumu aliyefunzwa, kwa kifaa kilichochemshwa, na dawa ya maji ya kuchoma sugu hairuhusiwi kabisa kwa sababu inachoma na ngozi nzima. Nilipokwenda mkutano wa kituo cha afya, akachongwa nyuma yangu. Leo mimi ndiye niliyekosa heshima?

Halafu viatu. Wifi alimletea vya ngozi, vyeusi, vimechongoka mbele. Nilimweka mzee asimame juu ya katoni, nikachora mguu, nikakata, nikaitia ile katoni ndani ya kiatu. Ikajikunja pande zote mbili. Kiatu kama hicho kitamtoboa na hatajua. Kiatu cha mzee kinunuliwe jioni miguu ikiwa imevimba, mbele ya kidole kirefu kibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kiwe na kamba au kishikizo, na kabla ya kuvaa mtu apitishe mkono ndani atafute kokoto. Soksi ziwe za pamba, zisizobana, na nyeupe ili damu au usaha ukitoka uonekane mara moja. Nilimweleza haya yote kwa upole, akaenda kuwaambia watu kwamba nimemnyima baba yake viatu.

Nikueleze hayo ninayoyafanya, uone kama kuna aibu ndani yake. Jioni naosha miguu kwa maji vuguvugu, nimeyapima kwa kiwiko changu, maana mguu wake ungeiva kwenye maji ya moto asilalamike. Siiloweki, kwa kuwa ngozi ikilowa sana hulainika na kuchanika. Naikausha, hasa katikati ya vidole, nikitumia kitambaa chembamba na kukibonyeza bila kusugua. Mafuta napaka juu na kwenye kisigino kinachopasuka, ila katikati ya vidole sipaki kamwe. Pale pakibaki na unyevu fangasi huingia, na ufa mdogo wa fangasi ni mlango wa usaha. Kucha nakata moja kwa moja, pembe sizichimbi ndani, kisha nalainisha kingo kwa tupa.

Kidonda kina zamu yake. Nachemsha nusu lita ya maji na kijiko kidogo cha chumvi, usawa, naacha yapoe yakiwa yamefunikwa. Nanawa, navaa glavu. Gozi ya jana, kile kitambaa cha kufunikia kidonda, ikiwa imegandia naimwagia maji hayo mpaka iachie yenyewe, maana ukiinyakua unang'oa nyama mpya iliyoanza kuota. Pamba siitumii, huacha nyuzi. Spiriti hapana. Ile dawa ya zambarau nayo hapana, kwa sababu inaficha rangi, na rangi ndiyo ninayoitafuta: nyekundu yenye unyevu ni njema, njano yenye harufu ni usaha, nyeusi ni nyama iliyokufa. Pembeni mwa kidonda nachora mstari kwa kalamu pale wekundu unapoishia. Siku ulipovuka sentimita mbili kutoka ukingoni, sikungoja siku ya kliniki, nilitafuta bodaboda siku hiyo hiyo.

Kinachoshinda yote ni kumzuia asikanyage. Dawa zote hizo ni bure kama anakwenda choo cha nje usiku mara nne akikanyagia kidonda. Nimemwekea ndoo yenye kifuniko chumbani, na gongo. Nayo imekuwa neno: eti mke wa mwana anamwaga mkojo wa baba mkwe. Shangazi, sasa nani angeumwaga?

Sasa Alhamisi tulikuwa Kisumu. Daktari aliingiza kijiti cha chuma kidondani, kikagonga mfupa. Eksirei ikaonyesha mfupa wa kidole umeanza kuliwa. Amesema kidole kitolewe sasa. Mshipa wa damu ulio juu ya mguu unapiga vizuri, kwa hivyo damu inafika na kuna matumaini ya jeraha kupona. Tukichelewa, usaha utafuata kano za unyayo kupanda, na hapo mazungumzo yatakuwa ya mguu. SHA, bima ya afya ya serikali, mume wangu alishalipa ya mwaka. Kitanda kimepangwa Jumanne ijayo.

Wifi anataka tungoje mpaka wazee wakae, na pia anasema kuna mtu anayetibu kwa majani bila kukata. Anasema nikionekana tena na beseni mlangoni kwa mzee, atapeleka jambo kwa ukoo na mume wangu aambiwe achague. Mume wangu kwenye simu ananiambia nivumilie tu. Nivumilie nini, kuitwa asiye na heshima mbele ya watu wanaokula nilichopika?

Mimi nimechoka, nataka kujitoa. Wamchukue wao, wamwoshe wao, wampeleke Nairobi wakipenda. Ila asimguse mtu ambaye hajanawa mikono. Na sindano ya insulini asichomwe kama chakula chake hakijawa tayari. Na mjukuu nimeanza kumfundisha kuosha, miguu anaweza kuosha, lakini kidonda hawezi kukisafisha, macho yake hayajajua kutofautisha nyeusi na damu iliyokauka.

Mzee mwenyewe amesema hatatia saini karatasi ya upasuaji nisipokuwepo, kwa sababu anajua baada ya kidole kutoka kuna wiki nyingi za kufunga na kufungua, na hajui nani mwingine atafanya. Aliniambia hivyo akiangalia pembeni, vile mzee humsemesha mkaza mwanawe. Yeye ndiye mwenye heshima hiyo ninayoambiwa nimeivunja, na hajawahi kunilalamikia.

Basi nisaidie. Niende naye Jumanne bila ruhusa ya wifi na wazee, mume wangu akiwa mbali, au nikae kando nisivunje ndoa yangu kwa ajili ya kidole? Na kama ni kwenda, nimwambie nini mume wangu ili naye aje? Tafadhali nijibu kabla ya Jumatatu jioni, gari la Kisumu tunapanda alfajiri.

Mke wa mwana, Vihiga